Ukinunua Gari la Kizee, Nunua na Nyumba Yake

Wiki hii tunasafiri. Tunaanzia Marekani, tunapita Dar es Salaam na Nairobi bila kulala, halafu tunakwenda kushukia Nyarero, wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Usishike mfuko, nauli nalipa mimi. Wewe lete macho tu.

Safari yenyewe inahusu magari. Si haya ya kisasa yanayopiga kelele ukisahau kufunga mkanda, hapana. Nazungumzia magari ya kizee, yale ambayo babu akiyaona barabarani anasimama kwanza yapite. Na zaidi ya magari nazungumzia nyumba zake, maana gari nalo lina kwao.

JAMAA WA DAYTON

Huko Marekani, jimbo la Ohio, kuna mji unaitwa Dayton. Mjini humo kuna jumba lililojengwa mwaka 1917 kwa kazi moja tu: kuuza magari aina ya Packard. Mawakala wenyewe waliitwa Citizens Motorcar Company. Enzi hizo Packard lilikuwa gari la wakubwa. Ndugu wawili, James Ward Packard na William Doud Packard, walianza kulitengeneza mwaka 1899 katika mji wa Warren, Ohio hiyohiyo, kisha mwaka 1903 kiwanda kikahamia Detroit. Tangazo lao halikuwa na maneno mengi. Walimwambia mteja: ukitaka kujua habari za gari hili, kamuulize mwenye nalo. Basi. Mtu anayejiamini haongei sana.

Lakini hakuna refu lisilo na ncha. Biashara ikayumba, na mwaka 1958 jina la Packard likazikwa. Magari yakabaki mikononi mwa watu, majumba yaliyoyauza yakabaki yamesimama mitaani kama wajane.

Hapo ndipo anapotokea jamaa mmoja, Robert Signom II. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akalichukua lile jumba la Dayton, akalirudisha katika sura yake ya zamani, halafu akaingiza ndani yake kitu kilichokuwa kinauzwa humo tangu mwanzo: Packard. Mwaka 1992 likafunguliwa kuwa makumbusho, America's Packard Museum, na ndani yake yamekusanywa magari zaidi ya 50.

Hebu fikiria, msomaji. Wengi wenye hela hununua gari la kizee wakaliweka uani chini ya turubai. Wengine hununua jumba la kizee wakaligeuza baa. Huyu alichukua vyote viwili, tena vinavyofanana, chungu na kifuniko chake. Gari likarudi kusimama palepale magari ya jina lake yaliposimama yakiwa mapya. Ni kama ng'ombe aliyepotea miaka mingi akarudi zizini kwa miguu yake.

LA KWETU NI LIPI?

Sasa utaniuliza, sisi gari letu la namna hiyo ni lipi? Washabiki wa Land Rover mnisamehe, na wa Volkswagen ya kobe mninunie mkitaka. Kura yangu naipa Peugeot 404, ambalo wazee wetu waliita Pijo na mpaka leo wanaita Pijo.

Hili gari lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, ndiyo maana mpaka leo ukilitazama kwa ubavu unaona limekaa kiungwana. Gia iko kwenye usukani. Injini imelazwa upande nyuzi 45, ukifungua boneti unadhani imechoka imejiegemeza. Kule Ufaransa waliendelea nalo mpaka mwaka 1975, na kwa jumla yalitoka zaidi ya milioni 2.8. Jirani zetu Kenya hawakuachana nalo haraka. Pikapu zake ziliendelea kuunganishwa huko miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kulisahau.

Sifa zake lilizipata kwenye Safari Rally. Yale mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Saba, ndugu yangu! Mengine yote yalibaki kwenye matope na makorongo. Lililotangulia kufika lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mambo yakawa yaleyale, yakafika 7, na aliyeshinda ni Nowicki na Cliff wake, na 404 lao.

Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, alishinda mtu wa Dar es Salaam. Naam, wa hapahapa. Anaitwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi Bongo, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Gari? Peugeot 404. Na Shankland hakuwa tajiri aliyekuja kucheza na magari. Alikuwa mtu wa gereji, kwenye kampuni ya Tanganyika Motors, ambao ndio waliokuwa mawakala wa Peugeot.

Hapo nataka usimame kidogo. Wakala wa magari wa zamani hakuwa muuzaji tu. Mbele kulikuwa na vioo na gari linalong'aa, nyuma kulikuwa na shimo la fundi, mapipa ya oili na rafu za spea. Ukinunua gari kwa mlango wa mbele, ulijua likiugua utalirudisha kwa mlango wa nyuma. Hata yule Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda na nduguye Jaswant mwaka 1965, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, ilikwishatumika kabla yake. Mashindano yale yalikuwa ya gereji sawasawa na yalivyokuwa ya madereva.

JUMBA LA KUNUNUA LIKO WAPI?

Tuseme wewe umeshinda bahati nasibu, unataka kumwiga jamaa wa Dayton. Hapa kwetu utapata kazi.

Kwanza, majumba mengi ya biashara katika miji yetu yana historia yake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo ukiona jengo zuri la zamani lenye vioo vipana mbele, usikimbilie kumpa mkono yule unayemkuta mlangoni. Huenda naye ni mpangaji kama wewe.

Pili, usitegemee kwamba sheria italilinda jengo mpaka wewe upate hela. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa gari la Karl Benz lilipata hataza mwaka 1886. Piga hesabu mwenyewe: hakuna duka la magari duniani linaloweza kuwa na umri huo! Labda Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Asipolitangaza, mwenye nalo akiamka vibaya siku hiyo anaita katapila, na jioni pale pana uwanja.

Magari yenyewe angalau yamepata watetezi. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yana magari ya kizee yaliyobeba viongozi, likiwemo Rolls-Royce. Nairobi wana maonyesho ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970, ambapo watu wanakagua mpaka uvungu wa gari kama lina vumbi. Tangu mwaka 2003 kuna pia Safari Classic Rally, magari ya zamani yanayorudi kukimbizana kwenye vumbi la zamani. Lakini hayo ni magari ya wenye nazo. Mimi nilitaka kuliona gari la kizee linaloishi na watu wa kawaida, kijijini, linakokula vumbi bila kupewa kombe. Ndiyo maana nikapanda basi la Tarime.

NJIA YA MARA

Kutoka Mwanza unapita Magu, unapita Lamadi, na kuanzia hapo mpaka Bunda hifadhi ya Serengeti iko upande wako wa kulia. Ukiwa na bahati unawaona nyumbu au pundamilia bila kulipa kiingilio. Kutoka Makutano unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, halafu ardhi inaanza kupanda taratibu. Dirisha ulilofungua Bunda kwa joto, unalifunga mwenyewe bila kuambiwa. Tarime ni baridi bwana. Asubuhi unakuta kijana wa bodaboda kavaa koti zito na kofia ya sufu, unadhani yuko Ulaya.

Huko ni kwa Wakurya, na Wakurya hawana ubabaishaji. Akikupenda anakuita "mura", yaani kijana, mwanamume mwenzangu. Asipokupenda pia anakwambia, tena hapohapo. Soko la Tarime limejaa ndizi, mahindi, mihogo na kahawa. Mbele kidogo ni Sirari, mpakani, na ng'ambo yake ni Isebania ya Kenya, nao ni Wakurya vilevile. Mpaka umewagawa pasipoti, haujawagawa lugha.

Kutoka Tarime kwenda vijijini unapanda mchomoko. Usiogope jina. Ni Toyota Probox, gari lililotengenezwa kwa watu watano, ila kule hesabu ni nyingine. Mbele tulikaa wanne na dereva akiwa mmoja wetu. Gia alikuwa anaitafuta kati ya magoti ya abiria, anaomba radhi, anaingiza namba tatu, anaomba radhi tena. Nikasema kimoyomoyo, hawa wangekuwa na gari la gia ya usukani wangeheshimiana zaidi.

Nyarero ni kata ya wakulima na wafugaji, nyumba zimetawanyika kati ya migomba na mahindi. Sikuona jumba la vioo wala yadi ya magari. Niliona kijiwe cha bodaboda, maduka, mashine ya kusaga, na chini ya mti vijana wawili weusi kwa oili wakiwa wamelala chini ya Probox. Nikawauliza kama kijijini kuna gari la kizee. Mmoja akatoa kichwa tu, kama kobe.

"La kizee au la mzee?"

Nikamwambia yote mawili.

"Basi ngoja nifunge nati hii, nikupeleke. Mwalimu wetu huyo."

BANDA LA MZEE

Sitataja jina lake, mwenyewe hakutaka gazetini. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi, baba yangu ni nani, na kama nimekula. Gari tukaliongelea baada ya uji.

Banda lake ni la matofali na bati, milango miwili mipana ya mbao. Ndani kuna shimo la fundi lililojengewa kwa mawe. Ukutani kuna rafu ya makopo ya maziwa na ya rangi: kopo la plagi, kopo la nati za magurudumu, kopo la mipira ya breki, kopo la vitu ambavyo yeye peke yake anavijua. Na katikati ya banda, limesimama juu ya vigogo, Peugeot 404 stesheni, lile refu la kubeba familia, lenye viti safu tatu. Rangi ilikuwa nyeupe. Sasa hivi ni nyeupe kwa imani. Namba zake ni zile za zamani zinazoanza na TZ.

"Hili silikununua dukani," akaniambia. "Nililikuta limeshakuwa mtu mzima, kama mjane mwenye watoto. Lakini lilikuwa na adabu."

Akafungua boneti. Injini ile pale, imejiegemeza. Akanionyesha mahali pa kuingiza hendeli ya kuwashia betri ikifa. Akanionyesha springi alizozichonga mwenyewe kwa kuunganisha za gari jingine. Yule kijana fundi naye akawa anadakia: hapa tulibadili hiki, pale tulifunga kile. Ndipo nikaelewa. Vijana wote wanaotengeneza magari chini ya mti pale kijiweni walianzia kwenye shimo hili. Walifundishwa na gari hili. Mzee alikuwa analifungua, wanalipanga vipande kwenye gunia, halafu anawaambia: haya, lirudisheni. Likiwaka, umefaulu. Lisipowaka, unalala njaa.

Msomaji, wakala wa Peugeot wa Nyarero ndiye huyo. Hana vioo, hana bendera, hana mauzo. Ana shimo, makopo na wanafunzi.

WANUNUZI WATATU

Sasa shughuli ilikuwa hapa. Mjukuu wa mzee, binti, amepata nafasi ya chuo. Ada inatakiwa. Ng'ombe waliobaki ni wachache, na wengine wana shughuli zao katika ukoo, hawauziki ovyo. Kitu kikubwa kilichobaki uani ni hilo gari. Na wanunuzi wameshapita watatu.

Wa kwanza ni wa vyuma chakavu. Alikuja na mizani. Analitaka lote, leo hii, kwa kilo, hela mkononi.

Wa pili ni kijana mwenye hela kutoka upande wa machimbo ya dhahabu ya Nyamongo. Huyu analitaka kwa ajili ya maharusi. Siku hizi maharusi wanapenda gari la kizee lenye maua, picha zinatoka vizuri. Bei yake inazidi ya vyuma chakavu kwa mbali. Ila anataka bodi tu. Injini atang'oa, ataweka ya Toyota.

Wa tatu hajasema bei. Ni watoto wa mzee wenyewe. Wao wanasema gari liuzwe kwa yeyote, na banda livunjwe, pale pajengwe vyumba vya kupangisha. Walimu na wafanyabiashara wanatafuta vyumba, hela inaingia kila mwezi. Usiwalaumu haraka. Ada ya chuo si ya mwaka mmoja, na vyumba havihitaji kubadilishwa oili.

Nikamuuliza mzee yeye anasemaje. Akatafuna kwanza.

"Mimi nauza. Sijakataa kuuza. Lakini anayetaka gari achukue na banda. Na anayechukua banda awaachie vijana shimo. Hivyo vitatu ni kitu kimoja. Nikikuuzia ng'ombe, mura, nikuuzie kwato peke yake?"

Nikakumbuka Dayton. Mzee huyu hajafika Ohio, na jina la Packard halikumwambia kitu. Lakini kafika kulekule. Gari na nyumba yake vinakwenda pamoja, au haviendi.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, nikadhani hasikilizi. Kumbe masikio yote yako kwetu. Akasema bila kuinua uso:

"Gari hilo limenipeleka hospitali kujifungua mara tatu. Mara moja usiku, mvua inanyesha, baba yenu anatangulia mbele na tochi kutafuta njia, dereva mtoto wa jirani. Huyo mwenye mizani akirudi, aanze kunipima mimi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka sana, maana binti wa chuo alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na yeye alikuwa hacheki. Kwake yeye hilo gari ni miaka mitatu ya masomo. Likikaa pale juu ya vigogo kwa ajili ya historia, yeye anakaa nyumbani. Nikamuuliza kwa sauti ya chini angependa liuzwe kwa nani. Akasema, "Kwa yeyote, kaka. Lakini si kwa mizani. Babu ataumwa."

UKITAKA KULINUNUA

Labda wewe unayesoma una hela na umeshaanza kuwashwa mkono. Sikiliza kwanza, maana kununua gari na banda la kijijini si kama kununua redio.

Banda limekaa kwenye ardhi ya kijiji. Huko inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Wewe mgeni kutoka mjini huwezi kuandikishana na mzee chini ya mgomba mkamaliza. Lazima uende kwenye halmashauri ya kijiji, ukubaliwe, na wakuulize unataka kufanya nini hapo. Ukiwajibu "makumbusho" watakutazama. Ukiwajibu "gereji ya kufundishia vijana", nadhani watakuvutia kiti. Na usimruke bibi wala watoto. Kwenye mji wa Mkurya, kitu kinachouzwa bila mama na watoto kujua kinarudi mahakamani na mikuki ya maneno.

Gari nalo lina mambo yake. Ulizia kadi. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, tena kwa macho yako. Ulizia kama lina deni lolote serikalini. Usidanganyike kwamba utavuka tu Sirari ukachukue jingine Kenya kwa bei poa: gari la kizee likiingia kwetu linatozwa ushuru wa uchakavu, tena juu ya ushuru mwingine. Wakenya wenyewe ndiyo wakali zaidi, gari la kawaida lililozidi miaka 8 hawaliruhusu kuingia nchini kwao kabisa. Kwa hiyo haya yaliyomo ndani tayari ndiyo yenyewe. Likienda kwenye mizani, halirudi.

Spea? Hapo ndipo utakapoona maana ya banda. Kopo moja la mzee lina vitu ambavyo ukivitafuta Kariakoo utachakaza viatu. Na hata ukivipata, nani atavifunga? Kijana wa mjini amezoea kuchomeka kompyuta kwenye gari imwambie ugonjwa. Hili halina pa kuchomeka. Hili unaliwekea sikio, kama daktari wa zamani.

Ndiyo maana nasema yule wa maharusi, pamoja na hela yake nzuri, hanunui Peugeot 404. Ananunua ganda. Na wale wa vyumba vya kupangisha, pamoja na hesabu yao nzuri, wanavunja chuo cha ufundi kisicho na kibao. Vijana watano wanaokula kwa spana pale kijiweni hawakusomea popote pengine. Kijana wa sita atasomea wapi?

Lakini pia siwezi kumwambia mzee asiuze. Ni rahisi sana kwa mtu aliyetoka Dar na begi moja kumwambia mwenye shida, "tunza urithi". Urithi una gharama, na yeye ndiye anayelipa. Anayetaka urithi wa Nyarero ubaki aje na kitu mkononi.

Kwa hiyo nilimpa mzee wazo moja, akasema atalifikiria. Vijana mafundi wamejiunga kikundi, wanachangiana kila wiki. Waingie wao. Walipe kidogo kidogo kulinunua shimo na gari kwa pamoja, hela ya kwanza iende moja kwa moja kwenye ada ya binti. Gari likisimama kwa magurudumu yake, yule wa Nyamongo alikodi kwa maharusi kila Jumamosi, injini ileile, dereva wao. Vyumba vya kupangisha wajengewe upande wa pili wa uwanja, nafasi ipo. Yule fundi wangu alisikia hesabu hiyo akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Na betri mpya nani ananunua?" Nikajua ameshakubali, sasa tunajadili bei.

Chuo kinakaribia kufunguliwa, na mwenye mizani aliahidi kurudi. Nani atamuwahi mwenzake sijui. Najua tu kwamba kila wilaya ya nchi hii ina banda la namna hiyo, na ndani yake kuna chuma kimoja kinachosubiri mtu. Pengine ni kwa babu yako. Likizo ukienda kijijini usimuulize tu hali ya mvua. Muombe akufungulie banda, akuonyeshe na makopo.

Wikiendi njema, wapenzi. Mkisikia honi nzito ya kizamani inapita mtaani kwenu na maharusi kiti cha nyuma, punga mkono. Huenda ni la Nyarero.